Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya: Ziulizwe Habari za Waliokufa Wakiwa Kwenye Dawa

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Afya, pamoja na Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya

Nakala: TAMISEMI, Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS), Baraza la Taifa la Watu Wanaoishi na VVU (NACOPHA)

YAH: VIFO VYA WATU WANAOTUMIA DAWA ZA KUFUBAZA VVU

Waheshimiwa,

 

Mimi ni WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU anayewashauri wenzake, katika kliniki ya tiba na matunzo, CTC kama tunavyoiita wote, kwenye wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Shahada sina. Ninayo kadi ya CTC ya zamani, ya enzi za vidonge vya stavudini vilivyotukausha mashavu na kutuchoma nyayo, na ninayo simu ambayo kituo hunitilia salio niwapigie wasiofika kliniki. Kuwatafuta wasiofika ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo mara nyingi mimi ndiye wa kwanza kituoni kujua kwamba fulani hatutamwona tena.

Barua hii isisomwe kama ya mtu asiye na shukrani. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka zaidi ya ishirini iliyofuata tulizika tu. Mwaka 2004 Serikali ilipoanza kutoa ARV, dawa za kufubaza VVU, bure, watu waliokuwa wamekwisha kugawa mashamba yao kwa watoto waliinuka vitandani wakayadai. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 umeonyesha kwamba katika watu wazima wanaojua kuwa wana VVU, asilimia 97.9 wanatumia dawa, na katika hao asilimia 94.3 virusi vyao vimefubazwa. Nami nimo katika hesabu hiyo, naifurahia.

Ninachouliza ni habari za wanaokufa na vidonge mkononi. Duniani, mwaka 2004 UKIMWI uliua zaidi ya watu milioni mbili. Mwaka 2024 uliua takriban 630,000, wakati lengo la dunia lilikuwa kushuka chini ya 250,000 ifikapo 2025. Dawa zimeenea kila mahali, lakini vifo vimegoma kushuka kufikia hapo. Kwetu, kila tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, tunasomewa waliopimwa, walioanza dawa na waliofubaza. Waliokufa hawana mstari katika hotuba, na sababu zao ndiyo kabisa. Wizara inajua ni makopo mangapi ya vidonge yametoka Bohari ya Dawa. Mama mchuuzi wa dagaa nitakayemweleza hapa chini amekufa kwa ugonjwa gani, hakuna anayejua, na hakuna aliyeuliza. Hilo ndilo lalamiko langu. Yote yanayofuata yamezaliwa hapo.

1. Marehemu wetu mnawaandika watoro.

Mgonjwa asipofika siku yake, jina lake hutokea kwenye orodha ya watoro. Naipokea, naanza kupiga simu. Safari hii ilikuwa namba ya mama mmoja mchuuzi wa dagaa, mtu asiyekosa kliniki. Simu ilipokelewa na wifi yake.

"Dada, mbona huyo tulishamzika? Mwezi wa pili huu."

Nikampa pole, nikauliza alisumbuliwa na nini. Kichwa, akasema. Kilimuuma kama wiki tatu. Zahanati wakasema malaria, akameza dawa. Duka la dawa wakasema taifodi, akachomwa sindano. Kisha shingo ikakakamaa, akaanza kuongea peke yake, na nyumbani wakaona hilo si la hospitali tena, wakampeleka kwenye maombi.

Nikarudi kwenye fomu. Ina sehemu ya kuandika kwamba mgonjwa amefariki. Nikaandika, jalada likafungwa. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kichwa, shingo, wala zile wiki tatu. Tena huyu alikuwa na bahati kwamba wifi alipokea simu. Ambao simu zao hazipatikani wanabaki watoro mpaka kiyama, wakiwa kaburini.

Si jambo la kwetu peke yetu. Uchambuzi wa tafiti kadhaa, nyingi zikiwa za Afrika, uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika wagonjwa waliohesabiwa kupotea, kisha wakatafutwa wakapatikana habari zao, takriban 40 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Siku hizi wengi wa "watoro" wamehamia vituo vingine bila kuaga, hilo najua. Lakini tutajuaje nani kahama na nani kafa, kama hatuulizi?

Waheshimiwa, kuuliza mnajua. Mama akifa kwa uzazi, taarifa yake hutakiwa itoke ndani ya saa 24. Kamati inakaa, jalada linafunguliwa, watu wanaulizwa: alifika saa ngapi, damu ilikuwepo, gari lilikuwepo, nani alikuwa zamu. Vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwa utafiti wa 2015–16. Utafiti wa 2022 ukaonyesha 104. Sisemi vikao peke yake ndivyo vilivyoleta hayo. Nasema nchi iliamua kwamba mzazi hafi hivi hivi tu, na maamuzi yakafuata njia hiyo.

Naomba kifo cha mtu aliyeandikishwa CTC nacho kiwe na kikao. Kiwe kidogo: mganga, muuguzi, mtu wa maabara, mfamasia, na mmoja wetu wa kikundi cha WAVIU. Aliyefia nyumbani, ndugu zake wahojiwe kwa staha kuhusu dalili alizokuwa nazo. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wa Kisesa kule Magu wamehoji wafiwa kwa namna hiyo miaka mingi. Dodoso lipo. Ujuzi upo nchini.

2. Mmetuondolea CD4.

Zamani bila kipimo cha CD4, hesabu ya chembe za kinga mwilini, huanzi dawa. Kizingiti kilikuwa 200, kikapanda 350, kikapanda 500, hadi mwaka 2016 nchi ilipoingia kwenye mpango wa kupima na kutibu: ukikutwa na virusi, unaanza. Uamuzi ule uliokoa watu wengi, nami niliushangilia. Ila kizingiti kilipoondoka, kipimo nacho kikaonekana hakina kazi. Fedha za vitendanishi zikahamia kwenye kipimo cha wingi wa virusi. Kwenye maabara ninayoifahamu mimi, mashine ya CD4 imefunikwa kitambaa vizuri kabisa, kama televisheni ya mgeni rasmi.

Wingi wa virusi unaeleza kama dawa inafanya kazi. Hauelezi mwili umebakiwa na kinga kiasi gani, na kinga ikishuka chini ya 200 ndipo magonjwa nyemelezi yanapopata mlango. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2017 mahususi kwa hali hii, linaiita UKIMWI uliokomaa. Likasema mtu mwenye CD4 chini ya 200 asipewe vidonge tu na kuambiwa nenda salama. Apimwe TB. Apimwe fangasi wa kriptokoka. Apewe septrini na kinga ya TB. Afuatiliwe kwa karibu. Watoto wa chini ya miaka mitano wote, wenye VVU na ambao hawajatulia kwenye dawa, wahesabiwe humo humo.

Sasa nielezeni tunafuataje mwongozo wa walio chini ya 200 bila kujua nani yuko chini ya 200. Anakuja kijana mwenye kifua kipana, anakuja mzee aliyebebwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Wote wanapewa kopo lile lile la TLD, kidonge chetu cha kila siku.

3. Wanakufa mapema, na TB iko mbele.

Miaka ile ya mwanzo, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 320 walioanzishiwa ARV katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Walikufa 95. Katika hao, 59 walikufa ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Upungufu mkubwa wa damu na utapiamlo vilikuwa miongoni mwa dalili za nani yuko hatarini. Dawa za leo ni bora mara nyingi kuliko zile, na vifo vimepungua sana. Lakini mpangilio wa vifo hivyo ndio ninaouona mpaka leo: miezi ile ya mwanzo ndiyo inayoondoka na watu. Mtu anachelewa, anaanza dawa mwili ukiwa umekwisha, ugonjwa uliokuwa umejificha ndani unaibuka kwa nguvu kinga inapoanza kurudi, na majirani wanasema dawa ndizo zilizomuua.

Ugonjwa huo uliojificha, mara nyingi ni kifua kikuu. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti za uchunguzi wa maiti za watu wenye VVU katika nchi zenye kipato kama chetu. Karibu 40 katika kila 100 walikutwa na TB. Karibu nusu ya hao waliokutwa nayo, hakuna aliyekuwa ameigundua wakiwa hai.

Najua inavyopita bila kuonekana kwa sababu mimi ndiye ninayeuliza yale maswali manne mlangoni. Unakohoa? Una homa? Unatoka jasho usiku? Umepungua uzito? Mgonjwa aliyetoka kisiwani kwa mtumbwi alfajiri anajibu hapana, hapana, hapana, hapana, apate dawa awahi kurudi. Akijibu ndiyo, anaambiwa akalete makohozi. Aliyedhoofu sana hana nguvu ya kutoa makohozi, na pengine TB yake haipo kwenye mapafu, iko kwenye tezi, tumbo au uti wa mgongo. Mashine ya GeneXpert inayopima makohozi haiwezi kuona kitu ambacho hakikuletwa.

Kipo kipimo cha mkojo. Mkojo kila mtu anao, na majibu yanatoka ndani ya dakika 25. Kilijaribiwa kwa wagonjwa wenye VVU waliolazwa katika hospitali 10 za nchi nne za Afrika, na mbili kati ya hizo ni za Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: waliopimwa mkojo pamoja na vipimo vya kawaida, waliokufa ndani ya wiki nane walikuwa asilimia 21, ambao hawakupimwa mkojo, asilimia 25. Tofauti inaonekana ndogo ukiisoma mezani. Ukiwa wodini ni kitanda kimoja katika kila 25.

Watu wetu ndio waliotoa mkojo huo. Katika hospitali ngapi za wilaya leo wanaombwa kuutoa?

4. Kichwa kinachouma wiki tatu kina jina.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapokasirika zaidi.

Kriptokoka ni fangasi wa kwenye udongo na kinyesi cha ndege. Tunamvuta sote, mwenye kinga anamshinda bila kujua. Kwa mwenye CD4 ya chini anapanda ubongoni na kuleta homa ya uti wa mgongo. Inakadiriwa kwamba fangasi huyu anahusika na karibu kifo kimoja katika kila vitano vya UKIMWI duniani, vifo vipatavyo 112,000 kwa mwaka, vingi vikiwa kusini mwa Sahara.

Anaonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla ya kichwa kuanza kuuma. Kipimo chake ni kijiti kama cha malaria, tone la damu, dakika kumi. Ukimkuta mapema, flukonazoli inaweza kumzuia asifike ubongoni. Na hili hatukuletewa na wageni kwenye semina ya hoteli. Lilipimwa Dar es Salaam na Lusaka, wakiwemo watafiti wetu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kama Sayoki Mfinanga, kwa wagonjwa karibu 2,000 waliokuwa wanaanza ARV wakiwa na CD4 chini ya 200. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipimwa kriptokoka, na wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo waliwatembelea nyumbani kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Hawakuwa madaktari, walikuwa watu kama mimi. Mwaka mmoja baadaye, katika kundi la kwanza walikuwa wamekufa 180 kati ya 998. Katika kundi la pili, 134 kati ya 1,001. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Hayo yalichapishwa mwaka 2015.

Tangu 2015 mama wa dagaa alikuwa na nafasi ya kuokolewa kwa kijiti na ziara ya mtu mwenye baiskeli.

Jambo la pili linahusu haraka yetu. Tunapimwa kwa idadi ya walioanza dawa siku ile ile walipokutwa na virusi, na mkubwa akija kutukagua hiyo ndiyo karatasi anayoitaka. Kwa wengi haina madhara. Lakini mwenye homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka akianzishiwa ARV papo hapo anaweza kufa kwa haraka zaidi. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini ulionyesha hivyo, na mwongozo wa dunia unataka atibiwe kwanza wiki nne hadi sita. Hivyo kuuliza "kichwa kinakuuma?" kabla ya kufungua kopo ni sehemu ya tiba. Tusiadhibiwe kwa kuchelewesha mtu wa namna hiyo.

Naye akishaumwa, hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na cha kumpa. Flukonazoli peke yake haitoshi kwa aliyefikia hapo. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya mafuta kwa dripu, kisha vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili. Kabla ya hapo matibabu yalimfunga muuguzi kwenye dripu siku baada ya siku, na figo za mgonjwa zikaumia. Sasa ni dripu moja. Majirani zetu Waganda na Wamalawi walikuwa kwenye majaribio yake. Kazi iliyobaki ni ya kuagiza dawa, na kuagiza ni kazi ya Bohari.

5. Anayerudi mnamkaripia.

Watu hudhani wanaofia UKIMWI leo ni wale ambao hawakuwahi kupimwa. Wapo. Lakini Madaktari Wasio na Mipaka walieleza mwaka 2017 kwamba katika hospitali walizozisaidia Kongo, Guinea, Kenya na Malawi, zaidi ya nusu ya waliolazwa na UKIMWI uliokomaa walikwisha kujua hali zao na kuanzishiwa dawa. Waliacha, au walimeza nusu nusu, au dawa ilishindwa na hakuna aliyegutuka.

Kwa nini mtu aache dawa ya bure? Nimesikia majibu mengi. Mvuvi amehama na samaki, kutoka Ukerewe kwenda Kome kwenda kwingine, na kituo cha huko kinamwambia leta barua ya uhamisho. Barua iko nauli ya boti mbili nyuma. Msichana wa bweni anaogopa kopo linalolia kama njuga siku ya msako wa masanduku, anavihamishia vidonge kwenye karatasi ya nailoni, vinalowa, anaona aibu kuomba vingine. Mke hajamwambia mume. Mwingine ameombewa akaambiwa amepona, na mwaka 2011 tuliona msafara wa kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti shamba, na wapo waliorudi wakaweka vidonge pembeni. Mwingine hana chakula, na amechoka na kizunguzungu cha kumeza dawa akiwa na njaa.

Siku mmoja wa hawa anapopata ujasiri wa kurudi ndiyo siku ya hatari kuliko zote katika maisha yake, maana CD4 imekwisha kuanguka. Tunampokeaje? Anasemwa mbele ya foleni. "Ulikuwa wapi? Unataka kutuharibia takwimu?" Nimeyasikia kwa masikio yangu, na nimewaona watu wakigeuka mlangoni. Mgonjwa wa presha aliyeacha dawa hasemwi hivyo.

Naomba itoke barua, yenye saini, isomwe kwenye kila CTC: anayerudi apokelewe siku hiyo hiyo, apewe dawa na vipimo vya mwenye UKIMWI uliokomaa, barua ya uhamisho itafutwe na kituo kwa simu, na mhudumu atakayemkaripia aitwe ajieleze.

6. Na waliofubaza nao wanakufa.

Fundi ujenzi mmoja wa kikundi chetu, virusi vyake havikuwa vinaonekana kwa miaka. Tulimtumia kama mfano kwa wapya. Alianguka kwenye jukwaa la ujenzi, kiharusi, hakuamka. Kwenye jalada lake presha ilikuwa imepimwa mara ya mwisho zamani sana, kwa sababu mashine ya presha ya kliniki iliharibika, na mtu wa dawa za miezi sita anaingia na kutoka bila kuguswa.

Tumezeeka, waheshimiwa. Hamkututegemea tufike hapa, nasi hatukutegemea. TLD inawanenepesha baadhi yetu, sukari inapanda kwa wengine, na tenofovir iliyomo ndani yake inataka figo ziangaliwe. Mwanamke mwenye VVU ana hatari mara sita ya kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye navyo. Dawa ya VVU napewa bure mlango wa kushoto. Dawa ya presha naelekezwa mlango wa kulia, siku nyingine, foleni nyingine, kwa fedha yangu. Wengi tunachagua mlango wa kushoto tu.

NIMR na wenzao wa Uganda walijaribu kuunganisha kliniki za VVU, presha na kisukari kuwa moja, Tanzania na Uganda. Matokeo yalitoka 2023: watu walibaki kwenye huduma na ufubazaji wa virusi haukudhoofika. Unganisheni basi.

7. Dawa bure, kufa kwa gharama.

ARV hatulipii. Lakini siku CTC inapomshindwa mgonjwa na kumpeleka wodini, anaingia kwenye nchi nyingine: kitanda, eksirei, kutolewa maji ya uti wa mgongo, dripu, glovu za kwenda kununua nje. Ndugu wanajumlisha, wanatazamana, wanaomba ruhusa ya kumrudisha nyumbani. Wengi wa "waliofia nyumbani" walipitia kwanza dirisha la malipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Naomba kitita chake kitamke wazi vipimo na tiba za UKIMWI uliokomaa, na mpaka bima itakapotufikia sisi wa mialoni, vipimo vya CD4, kriptokoka na TB ya mkojo visilipiwe popote.

Halafu kuna sisi wenyewe. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wenzetu wengi waliokuwa wakilipwa kupitia miradi hiyo walirudishwa nyumbani kwa ujumbe wa simu. Dawa ziliendelea kuwepo. Aliyekuwa akimfuata mgonjwa kisiwani ndiye aliyekosekana, na kwenye ule utafiti wa Dar es Salaam, mtu huyo alikuwa nusu ya tiba. Posho yake haifiki gharama ya kumlaza mgonjwa mmoja wiki mbili. Iwekwe kwenye bajeti ya halmashauri, kwa fedha ya ndani.

Waheshimiwa, asilimia 94.3 ni nzuri. Asilimia 5.7 iliyobaki, katika taifa lenye watu zaidi ya milioni moja kwenye dawa, ni makumi ya maelfu ya watu ambao virusi vyao havijatulia, na humo ndimo orodha yangu ya simu inamotoka. Mkiacha kama ilivyo, hawatapungua kwa kufubaza. Watapungua kwa kufa, asilimia itapanda, na tutapongezwa.

Bunge la bajeti linaanza Aprili. Naomba kabla ya hapo Waganga Wakuu wa Wilaya wafanye jambo moja lisilohitaji mfadhili: wachukue orodha za watoro wa mwaka uliopita, watutume sisi washauri na wahudumu wa jamii nyumba kwa nyumba, na turudi na jibu kwa kila jina, yu hai au amekufa, na kama amekufa aliumwa nini. Hesabu hiyo iambatanishwe kwenye maombi ya fedha za vipimo. Na tarehe 1 Desemba ijayo, Mheshimiwa Waziri, baada ya kutusomea waliopimwa, walioanza na waliofubaza, utusomee na hao: wangapi, wa mikoa ipi, na kwa maradhi gani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

WAVIU mshauri, Kanda ya Ziwa